Jibu: Miche ya mikoko inakufa baada ya miezi miwili

Salaam dada. Umesema kikundi chenu kilipanda mikoko ili bahari isiendelee kula ufukwe, na miezi miwili baadaye karibu miche yote imekauka au imeng'oka. Poleni sana.

Kabla ya kutafuta miche mingine, nendeni maji yakitoka mkaangalie mlipopanda. Sisi tulipanda mkoko wa mizizi mirefu kwenye mchanga mtupu wa mbele, upande wa bahari, kwa kuwa ndipo palipokuwa wazi. Viumbe wadogo wa baharini wenye magamba magumu wakaganda kwenye mashina, mawimbi yakamaliza. Mbele pale ni pa mlilana, aina nyingine ya mikoko. Ule wa mizizi mirefu unataka tope la katikati, na mkandaa, aina ya tatu, nyuma zaidi.

Halafu angalieni kama kuna tuta au bwawa la chumvi linalozuia maji kupanda na kushuka. Tulipofungua mfereji mmoja uliozibwa, mbegu zililetwa na bahari yenyewe, hatukupanda kitu. Na mikoko iliyosimama msiiache ikakatwa: wenzetu wa Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji kule Gazi, Kwale, Kenya, wanauza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo mikoko yao inaihifadhi, tangu miaka ya 2010, na eneo lao kubwa ni msitu wa asili wanaoulinda.

Udongo wa kwenu sijauona. Weka picha iliyopigwa maji yakiwa yametoka kabisa.