Faili liliharibika lini hata litengenezwe?

SWALI: Shikamoo mzee. Nasoma kompyuta hapa Moshi, nakaa Pasua. Tumepewa kazi ya kueleza kwa Kiswahili miito ya mfumo endeshi, yaani maombi ambayo programu huupelekea mfumo unaoiendesha kompyuta. Kwenye mwito wa mknod niliandika, "Mwito huu hutengeneza faili na vifaa maalum." Mwalimu kakata "hutengeneza" kwa wino mwekundu, kaandika "huumba". Wenzangu wanasema kuumba ni kwa Mungu tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu kakata penye kustahili kukatwa, ila kiraka alichobandika hakijanikaa vizuri. Tena unalo kosa la pili ambalo yeye hakuliona. Nitalifikia nikishatua mzigo huu wa kwanza, maana nimeubeba miaka mingi.

Kutengeneza! Neno hili limetoka kwenye kutengenea, yaani kukaa sawa, kuwa katika hali nzuri. Anayetengeneza anakikuta kitu kimekaa upogo, anakirudisha kwenye mstari. Ndiyo maana pale karibu na Stendi Ndogo, Arusha, ukiona kibao cha TUNATENGENEZA SIMU, PASI NA REDIO, huingii kuuliza kiwanda kiko wapi. Unamkuta kijana kainamia redio iliyofunguliwa mgongo, moshi wa risasi ya kulehemu unampanda puani, na unajua kabisa kwamba redio ile ilizaliwa kwingine, hapa imeletwa kutibiwa.

Sasa njoo Moshi, barabara ya Kiboriloni. Yupo seremala, fundi mzuri wa mkono, aliyeandika kibao: TUNATENGENEZA VITANDA. Watu wakawa wanamletea vitanda vilivyovunjika chaga. Akachoka, akaongeza neno kwa rangi nyingine: TUNATENGENEZA VITANDA VIPYA. Waliovunja chaga wakaacha kuja, na riziki ya marekebisho ikakatika. Mara ya mwisho nilipopita kibao kilisomeka TUNATENGENEZA VITANDA VIPYA NA VYA ZAMANI. Nilisimama pale nikakitazama mpaka jua likanichoma utosi. Kitanda cha zamani kinatengenezwaje? Kinatoka kwa randa tayari kina kunguni? Maskini fundi hana kosa. Angeandika TUNAUNDA VITANDA, TUNAKARABATI PIA, angeokoa rangi na mimi ningeokoa utosi.

Lugha hii haina uhaba wa vitenzi. Nyumba hujengwa, chungu hufinyangwa, mkeka husukwa, kisu hufuliwa, nguo hushonwa, mkate huokwa, na mbege, wewe mtu wa Moshi unajua, hupikwa. Yote hayo leo "yanatengenezwa". Nasikia vijana wanatengeneza pesa, wanatengeneza marafiki, na juzi mtangazaji katuambia timu "imetengeneza historia". Historia ilikuwa imepata pancha? Hicho ni Kimombo kilichovalishwa kanzu. Pesa hutafutwa, marafiki hupatikana, historia huandikwa.

Kuhusu kuumba, wenzako wamekosea kidogo. Asili yake ni kazi ya mfinyanzi, kuupa udongo umbo, na ndugu zake wamo kwenye lugha nyingi za Kibantu. Mungu tulimpa neno hilo baadaye, kwa heshima. Lakini heshima ikishatolewa hainyang'anywi, na mimi siwezi kumsikia karani akisema ameumba faili bila kutazama kama mbingu zimetandazwa. Kuunda ndiko kunakofaa. Ni neno la mafundi wa majahazi, wanaoshikiza ubao kwa ubao mpaka chombo kinakuwepo, na tumeshalizoea kwenye kuunda kamati na kuunda serikali. Andika: huunda faili.

Makarani, kwa taarifa yako, walikuwa na lao kabla ya kompyuta kufika: kufungua jalada. Ukifunguliwa jalada polisi, hakuna aliyelikuta limefungwa, ndipo linaanza. Ajabu ni kwamba Unix, mfumo endeshi mkongwe, nayo ina tabia hiyohiyo. Mwito wa open, ukipewa alama ya O_CREAT, hufungua faili ambalo halikuwepo kwa kuliunda papo hapo; ukiongeza O_EXCL, hukataa kama faili lipo tayari. Upo pia mwito wa zamani uitwao creat, yaani create, kuunda kwa Kiingereza, umekatwa e ya mwisho. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alipoulizwa angebadili nini angeianza upya, alijibu kwamba angeirudisha hiyo e. Kumbe kitenzi hiki kimewatesa hata wenye mali.

Haya, kosa lako la pili. Umeandika mknod "hutengeneza vifaa". Hata ukiweka huunda, bado ni uongo. Mwito ule huandika jina kwenye saraka, yaani orodha ya majina ya faili, na nyuma ya jina huweka aina, ruhusa na namba mbili: kubwa ya kumtambua msimamizi wa kifaa, yaani programu inayokiendesha, ndani ya kiini cha mfumo, ndogo ya kumwambia ni kifaa kipi kati ya vile anavyovisimamia. Kwenye Linux, mfumo wa ukoo wa Unix, /dev/null, shimo linalomeza kila kinachoandikwa humo, ni 1 na 3. Diski ya /dev/sda ni 8 na 0. Basi. Diski haizaliwi hapo. Vile vibao vya anwani za makazi vilivyojaa mitaani tangu 2022 unaviona? Ukichimbia kimoja kwenye kiwanja kitupu hujajenga nyumba. Ukiunda nodi, ndilo jina hilo la kifaa, yenye namba ambazo hazina msimamizi, mwito utakubali vizuri tu. Siku ya kuifungua ndipo mfumo utakujibu kwamba hakuna kifaa wala anwani ya namna hiyo. Anwani, umesikia?

Kwa hiyo sentensi yako isomeke: "Mwito huu huunda faili, mabomba yenye majina, na nodi za vifaa maalumu." Mabomba, yaani njia ambazo programu moja hupitishia data kwa nyingine, umeyasahau, na hayo hata mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kuyaunda, wakati nodi za vifaa zinahitaji mamlaka ya mtumiaji mkuu wa mfumo.

Na hiyo "maalum" yako, iongeze u.