Usiiache dawa baada ya siku tisa

Dada yangu wa Kondele, umeuliza kama uache sertraline, dawa ya kutibu hofu na sonona, kwa kuwa umeimeza siku tisa na bado hofu kuu inakushika ndani ya matatu. Tafadhali usiiache kabla ya kuzungumza na daktari wako. Dawa za aina hiyo huchukua wiki 2 hadi 6, na wakati mwingine zaidi, kabla ya nafuu kuonekana, na katika siku za mwanzo zinaweza hata kuongeza wasiwasi, ndiyo maana huanzishwa kwa kipimo kidogo kama miligramu 25 kisha kikapandishwa polepole. Ukipatwa na mawazo ya kujidhuru, rudi hospitalini siku hiyo hiyo.

Vidonge vya diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, alivyokupa jirani mrudishie, kwa sababu mwili huvizoea upesi, na vikichanganywa na pombe vinaweza kudhoofisha upumuaji.

Mimi nilishikwa na hofu hiyo mara ya kwanza katika steji ya Nakuru, nikaamini ni moyo. Kilichonisaidia zaidi, pamoja na dawa, ni kutoshuka garini: nilibaki nimeketi, nikitoa pumzi polepole kuliko nilivyoivuta, hadi wimbi likapita, kwani kwa kawaida hufikia kilele ndani ya dakika 10. Kila ukishuka, hofu hujifunza kwamba matatu ni hatari. Punguza pia kahawa, chai kali na miraa, ulale kwa saa zilezile, na umwombe daktari apime tezi ya shingo na damu.