Mnataka kusomea LibriVox? Haya, maswali yenu haya hapa

Toka nigusie LibriVox maswali yamekuwa mengi, na kwa ambaye ndo anaisikia leo ni hivi: ni watu wa kujitolea, wametapakaa dunia nzima, wanasoma kwa sauti vitabu ambavyo hakimiliki yake imeisha, wanarekodi, alafu rekodi zinawekwa bure kwa yeyote anayetaka. Ilianzishwa 2005 na Hugh McGuire wa Montreal. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha, na yale ya "wanalipaje" nimeyaruka yote manake jibu ni fupi, hawalipi.

"Sauti yangu ya kawaida sana, alafu nina lafudhi nzito. Watanikubali kweli?"

Watakukubali. Hakuna usaili wa sauti pale. Kuna rekodi ya majaribio ya dakika moja tu, na kinachoangaliwa ni ufundi: faili iwe MP3 ya 128 kbps, 44.1 kHz (hizo unazichagua kwenye programu ukihifadhi faili), ukubwa wa sauti ucheze kwenye desibeli 89, na kelele za nyuma zisizidi. Hakuna mtu anakaa kukupa maksi za uigizaji, na utaratibu wao ni kwamba hawakosoi usomaji wa mtu mpaka aombe mwenyewe. Lafudhi zimejaa za kila aina kwenye maktaba yao, na mi naona ndo raha yake. Mtu haachi kusikiliza kwa sababu ya lafudhi, anaacha kwa sababu ya feni inayovuma dakika arobaini nzima.

"Ninunue maikrofoni gani?"

Kabla hujanunua chochote tafuta pa kukaa. Chumba kitupu chenye kuta na sakafu ngumu kitarudisha sauti hata kwa maikrofoni ya gharama, ila maikrofoni ya kawaida ya USB ukiiweka mbele ya kabati lililojaa nguo, mapazia yameshushwa, inatoa kitu kizuri tu. Zima feni, kama friji iko jirani ngoja inyamaze, simu weka mbali.

Kitu kingine ni pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo alafu sema "papo kwa papo", si unasikia upepo unavyogonga mkononi? Huo upepo ndo unaoingia kwenye maikrofoni na kutoa "bup" kila ukifika kwenye p na b. Isogeze pembeni kidogo ya mdomo, isikutazame usoni, tatizo linapungua bila kununua kitu.

Programu ya kurekodi na kuhariri wengi wanatumia Audacity, ni ya bure. Kabla hujaanza kusoma kaa kimya sekunde kadhaa huku inarekodi, ule ukimya utakuja kuuonyesha kwa programu ili ijue kelele ya chumba chako ikoje na iipunguze. Ila taratibu jamani, ukisafisha sana unatoka kama unaongea ukiwa ndani ya pipa, afadhali kakelele kadogo kabaki.

Na ukikosea kusoma usizime, piga kofi moja, tulia, rudia sentensi tangu mwanzo. Lile kofi kwenye mchoro wa sauti linasimama juu peke yake kama mstari, kwa hiyo wakati wa kuhariri unaruka kutoka kofi hadi kofi, unakata, unasonga mbele, huna haja ya kusikiliza saa nzima ukitafuta ulipojikwaa.

"Nina kitabu cha zamani sana nakipenda, naweza kuanza nacho?"

"Zamani sana" haitoshi ndugu yangu, angalia mwaka wa kuchapishwa. LibriVox inafuata sheria ya Marekani, ambako vitabu vya enzi hizo vinalindwa miaka 95 tangu kuchapishwa, ndo maana kila Januari 1 kuna mwaka mwingine unafunguka. Kwa 2026 ni vile vya 1930 kurudi nyuma. Alafu kuna sheria ya nchi unayoishi, nchi nyingi zinahesabu miaka 50 au 70 baada ya mwandishi kufariki, hiyo ni juu yako kuhakikisha.

Wanaponaswa wengi ni kwenye tafsiri. Mwandishi anaweza kuwa alifariki karne ya 19 ila tafsiri uliyonayo mkononi imefanywa miaka ya 1990, na mtafsiri ana haki yake kivyake, hivyo hapana. Hata utangulizi mpya uliobandikwa mbele ya kitabu cha zamani usiusome. Njia rahisi ni kuchukua maandishi kutoka Project Gutenberg, ile maktaba ya bure aliyoianzisha Michael Hart 1971, na kusoma chapisho lile lile mlilokubaliana na mratibu, yaani yule anayesimamia kitabu, neno kwa neno. Ukikuta maneno ya ubaguzi au ya hovyo huruhusiwi kuyalainisha. Ukiona huwezi kuyatamka acha hicho kitabu, chukua kingine, hakuna atakayekuuliza.

Kuhusu kuanza: usianze na riwaya nzima peke yako, tafadhali. Kuna miradi ya kugawana, kila mtu sura yake, na kuna shairi la wiki ambapo watu kibao wanasoma shairi moja na rekodi zote zinawekwa pamoja. Shairi la dakika mbili litakufundisha hatua zote, kurekodi, kuhariri, kutuma, kurekebisha, bila kukuchosha.

"Kiswahili je?"

Lugha yoyote inaruhusiwa mradi hakimiliki ya maandishi iwe imeisha. Na yapo, Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alichapisha hadithi za Kiswahili London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili, na kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Mjerumani Carl Velten ni cha 1903. Tahajia yake ya zamani itakusumbua, pitia sura nzima kimya kimya kabla ya kuwasha maikrofoni. Ugumu wenyewe uko kwingine: kila rekodi lazima isikilizwe na mtu mwingine anayeielewa lugha, kwa hiyo njooni wawili wawili, mmoja asome mwenzie ahakiki.

"Ni kweli mtu anaweza kuchukua sauti yangu akaiuza?"

Kweli kabisa, na hili nataka mlisome mara mbili. Ukishatoa rekodi inakuwa mali ya umma kama kitabu chenyewe. Mtu anaweza kuiuza kwenye CD, kuibandikia matangazo, kuikata vipande akaweka kwenye filamu yake, kuchanganya na muziki, na hatakiwi kukuomba ruhusa, kukulipa wala kukutaja. Huwezi kubadili mawazo baada ya miaka miwili ukasema nirudishieni sauti yangu.

Tena sio watu tu. Mwaka 2015 watafiti walitoa mkusanyo unaoitwa LibriSpeech, kama saa 1,000 za usomaji wa Kiingereza zilizotoka LibriVox, kwa ajili ya kufundisha kompyuta kuelewa maongezi, na umetumika sana kwenye utafiti wa utambuzi wa sauti. Walioketi chumbani kwao wakisoma riwaya za zamani hawakuwa wanafikiria hilo. Kuna atakayeona ni jambo zuri, kuna atakayeona kama ametumika, wote nawaelewa. Mi msimamo wangu ni kwamba kama ukifikiria hilo tumbo linakukaza basi usijiunge, baki kuwa msikilizaji, hakuna ubaya. Jina sio lazima liwe lako halisi, unaweza kuandikwa kwa jina la utani, ila sauti ni yako na wanaokujua wataitambua.

Aliyeuliza kama anaweza kutumia sauti ya kompyuta isome kwa niaba yake: hapana, wanataka binadamu.

"Mimi kuongea aibu, hakuna kazi nyingine?"

Ipo na inahitajika mno. Wahakiki wanasikiliza rekodi kabla haijatoka, wanatafuta sentensi iliyosomwa mara mbili, ukimya mrefu ulioachwa katikati, mlango uliogonga, mstari ulioruka. Unaandika dakika na sekunde ya kosa, msomaji anarekebisha, unasikiliza tena. Kawaida haihitajiki kila neno kuwa sawasawa na kitabu, "na" ikigeuka "au" bila kuharibu maana inapita, labda mradi wenyewe uwe umeomba uhakiki mkali. Kuna dada kauliza kama atafanya huku anapika, dada yangu, kuhakiki huku sufuria zinalia utapitisha makosa ya watu.

"Nimechukua sura tatu, sasa kazini kumebana, nifanyeje?"

Mwandikie mratibu wa kitabu leo, mwambie unazirudisha, mstari mmoja unatosha na hutakiwi kueleza shida zako. Sura itapata mtu mwingine. Wanaowatesa waratibu ni wale wanaonyamaza, kitabu kina sura 40, 39 zimeisha, na yote imesimama miezi inamsubiri mtu mmoja ambaye hajibu meseji. Kama moja kati ya hizo tatu ulishairekodi tuma hiyo, rudisha mbili.