Hamsta wa Siberia hawageuki weupe ingawa mwanga ni saa 8 tu: anza kukagua giza

Mkuu, umesema hamsta wako wamekaa wiki 10 kwenye ratiba ya saa 8 za mwanga na saa 16 za giza, nusu yao bado ni wa kijivu na uzito haujashuka, na usiku unaingia kuwahudumia kwa taa nyekundu. Kabla hujawalaumu wanyama, kagua giza lako.

Mwili wa hamsta hupima urefu wa usiku; usiku mrefu ndio humwambia ni majira ya baridi, naye hupungua uzito, korodani hunywea na manyoya hugeuka meupe. Tezi ya pineali, iliyomo ubongoni, hutoa homoni ya melatonini gizani tu, na muda ambao homoni hiyo inakaa kwenye damu ndio unaoujulisha ubongo kuwa ni majira gani. Tangu 1965 watafiti Hoffman na Reiter walionyesha kuwa hamsta aliyeondolewa tezi hiyo hanywei korodani hata akinyimwa mwanga. Sasa, dakika chache za mwanga katikati ya usiku hukata melatonini, na usiku wako wa saa 16 unasomeka kama usiku mfupi wa kiangazi.

Rangi ya mwanga ina uzito wake. Seli za retina (utando wa nyuma ya jicho) zinazopeleka taarifa kwenye saa ya mwili zina melanopsini, protini inayohisi mwanga, ambayo hunasa zaidi mwanga wa bluu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 480 hivi. Taa nyeupe za LED zina bluu nyingi karibu na 450, kwa hiyo hata upenyo mdogo chini ya mlango unatosha kuharibu kazi. Nyekundu ni afadhali, ila usidanganyike kwamba hawaioni kabisa: ya nanomita 620 ikiwa kali bado inawafikia. Balbu iliyopakwa rangi nyekundu ndiyo mbaya zaidi, maana huvujisha rangi nyingine. Tumia LED nyekundu halisi ya 650 au zaidi, iwe hafifu, uielekeze sakafuni, na utoke haraka. Bora zaidi, lisha na safisha mchana wao.

Kifaa cha kupimia laksi (kipimo cha mwangaza) nacho kinapotosha hapa, kwa sababu kimetengenezwa kwa jicho la binadamu. Bluu hukipima pungufu kuliko hamsta anavyoihisi, nyekundu hukipima zaidi. Kwa hiyo jipime mwenyewe: zima taa, kaa ndani dakika 20 hadi macho yazoee, kisha tazama ukiwa usawa wa vizimba. Utaona vitaa vya kiyoyozi, skrini ya taima inayowasha na kuzima taa, tundu la kitasa. Ziba vyote kwa utepe mweusi. Taima iwe na betri yake; umeme ukikatika, ile ya kawaida hurudi na saa nyingine na ratiba nzima inahama bila wewe kujua.

Giza likiwa safi, bado kuna mawili. Kwanza, wapo hamsta wa Siberia wasioitikia siku fupi kabisa, na kundi hilo huwa kubwa zaidi kwa waliolelewa kwenye mwanga wa saa 18 kwa siku. Kabla ya kuwapa siku fupi, walee kwa mwanga wa saa 16, usivuke hapo. Pili, wiki 10 ni mapema kuhukumu manyoya. Uzito ndio huanza kushuka, korodani hunywea ndani ya wiki 6 hadi 8, weupe hukamilika karibu na wiki ya 12 au 14. Wapime uzito kila wiki saa ileile. Asiyepungua hata kidogo kufikia wiki ya 8, mweke pembeni kama asiyeitikia. Usimlinganishe na hamsta wa Syria: huyo siku fupi humnenepesha. Panya wadogo wa maabara nao wasahau kwa kazi hii, aina nyingi hazitoi melatonini ya maana.

Ukiona hamsta mkubwa anakuwa baridi na goigoi asubuhi, usimtupe. Siku fupi huwafanya wapoe na kuzubaa kwa saa chache, kisha hujipasha wenyewe. Na kufikia wiki ya 20 hadi 25 watarudi kijivu na korodani zitakua, hata giza likiwa lilelile. Kuwaanzisha upya kunahitaji siku ndefu za kutosha, si chini ya wiki 10 hivi.