Massillon na mpira wa shule
Umeuliza kwa nini mji mdogo kama Massillon, Ohio, unaupenda hivyo mpira wa Kimarekani wa shule ya sekondari. Mizizi yake ni Paul Brown. Aliichezea timu ya shule akiwa mwanafunzi, akarudi kuinoa mwaka 1932. Katika misimu 9 alishinda mechi 80, akapoteza 8 tu! Baadaye ndiye aliyeijenga Cleveland Browns, timu ya kulipwa yenye jina lake. Kwa miaka mingi, mtoto wa kiume alipozaliwa hospitalini pale, mashabiki walimpelekea kimpira kitandani. Upinzani na Canton McKinley, timu ya shule ya mji jirani, ulianza 1894. Ila ubingwa wa jimbo kwa mtoano, ulioanzishwa 1972, Massillon waliupata 2023 tu, walipoilaza shule ya Hoban 7-2. Walistahili kabisa.