Boneti ya kaboni faiba iliyogeuka njano na kupata ufa

Kaka, umeuliza kama uitupe boneti yako ya kaboni faiba kwa kuwa imegeuka njano, ina ufa na bolti zake zinashika kutu. Usiitupe. Unjano huo ni wa rezini ya epoksi iliyo juu, ile gundi ngumu inayoshika nyuzi za kaboni, inaliwa na jua. Nyuzi zenyewe haziharibiwi hivyo. Piga msasa wa maji, namba 600 kisha 800, taratibu. Maji yakianza kutoka meusi simama hapo hapo, umeshagusa nyuzi. Kausha, pulizia klia, ile vanishi ya juu inayoonyesha ndani, yenye kinga ya jua.

Ufa gonga pembeni yake kwa sarafu. Mlio ukifa, tabaka zimeachana. Tafadhali usimruhusu fundi ajaze bodi fila, ile pasta ya kuziba mabonde ya bodi, inaficha tu. Abandike kitambaa cha kaboni upande wa chini kwa epoksi, na avae barakoa akipiga msasa, lile vumbi baya.

Sasa hili la bolti kushika kutu, kwetu huku Mtwara ndilo kubwa. Kaboni inapitisha umeme, kwa hiyo ikigusana na alumini au chuma cha kawaida kwenye hewa ya chumvi, kinacholika ni hiyo alumini au hicho chuma, si kaboni. Weka bolti za steinlesi na washa za nailoni (vile vipete bapa vya chini ya bolti) kwenye bawaba. Ukitoka Shangani ufukweni, isuuze gari kwa maji ya bomba siku hiyo hiyo.