Pokeeni Mabati, Ila Mwangalie Saa

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama shule zipokee madarasa ya muda ya mabati na paneli, au zingoje ya mawe. Mimi nafundisha JSS, yaani sekondari ya chini ya Gredi ya 7 hadi ya 9, viungani mwa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Jibu langu: pokeeni, lakini msifundishie humo saa tisa alasiri.

Asiyeishi huku haijui mvua yetu. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi hushuka baada ya chakula cha mchana. Asubuhi jua, saa sita joto la kubana, saa nane wingu linajikunja upande wa Nandi, kisha kishindo. Chini ya mabati matupu yasiyo na dari, sauti yangu haifiki dawati la pili. Nimewahi kufundisha desimali kwa vidole kama bubu. Ubao nao hausaidii, kwa sababu giza limeingia na stima haijavutwa hadi huko.

Tulichofanya ni kubadilisha ratiba. Hesabu, Kiingereza na Kiswahili tunayamaliza asubuhi humo ndani ya mabati. Mchana Gredi ya 1 hadi ya 3 huwa wameenda nyumbani, na vyumba vyao vya mawe vinabaki wazi, basi tunahamia huko. Madawati ni ya watoto wadogo, wavulana wangu wanakaa magoti yakigusa kidevu, lakini tunasikizana. Ajabu ni kwamba hatua hii isiyogharimu hata shilingi ilituchukua muhula mzima kuifikiria.

Paneli ni afadhali. Ni mabati mawili yaliyobana povu jeupe katikati, kama lile linalokuja na televisheni mpya, nalo hupunguza joto na kelele. Lakini povu hilo likishika moto moshi wake ni mzito. Wazazi mnaoketi kwenye bodi, kabla ya kusifu rangi, jaribuni mlango: unafunguka kwenda nje? Madirisha hayana vyuma? Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unataka hivyo, na haukusema darasa la muda limesamehewa.

Kuna wanaosema tungepanga mapema tusingefika hapa. Kweli kabisa, na hesabu haikuwa ngumu. Shule ya msingi, ambamo JSS imewekwa, ilijengewa madarasa manane, la kwanza hadi la nane la mfumo wa zamani. Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023, ilikuta chumba cha darasa la saba kitupu. Mwaka uliofuata Gredi ya 8 ikarithi chumba cha waliofanya KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza darasa la nane. Gredi ya 9 ya 2025 haikuwa na wa kumrithi, na kila mtu aliyejua kuhesabu hadi tisa aliiona ikija. Maabara hata sizitaji.

Ndipo likaja darasa letu la mabati. Mwalimu aliyelipokea aliambiwa ni la muhula mmoja tu, na wazazi wakaambiwa vivyo hivyo kwenye mkutano. Juzi nimefika shuleni nikamkuta fundi juu ya ngazi akilipaka rangi ya pili, na chini yake kijana anachora nembo ya shule karibu na mlango.

Mwalimu wa JSS, Kakamega